Willingly, gladly, happily: lipi la kumjibu bosi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepata mkasa kazini nikaona bora niulete kwako. Bosi wetu mpya tunaandikiana naye Kingereza tupu, sasa juzi kanitumia meseji anauliza kama naweza kumshikia zamu mwenzangu anayeumwa, na mimi kwa roho safi kabisa nikajibu "I will do it willingly". Dakika mbili hazijaisha anapiga simu kuniuliza kama kuna mtu ananilazimisha! Kamusi yangu inasema willingly ni kwa hiari, kwa moyo. Sasa nimekosea wapi? Na hizi gladly, cheerfully, readily, si zote ni kitu kimoja tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na wala usione aibu, maana sentensi yako kisarufi haina kosa hata moja, shida iko kwenye kile ambacho hilo neno linakibeba. Willingly inajibu swali moja tu: ulilazimishwa au hukulazimishwa. Basi. Haisemi kabisa kama ulifurahi. Mtu anaweza kwenda kujisalimisha polisi willingly huku uso umemkunjamana na moyo mzito kama jiwe, ilimradi hajakokotwa. Sasa ukilitumia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anawaza habari za kulazimishwa, wewe ndo unakuwa umelileta hilo wazo, yani ni kama mtu akuombe maji ya kunywa halafu umjibu "nakupa kwa hiari yangu mwenyewe, sijashurutishwa", lazima ashtuke ajiulize kwani kuna nini. Ndo maana neno hili linapendeza sana kwenye sentensi za kukanusha, mfano "She would never willingly hurt anyone", maana yake hata kama kuna aliyeumia basi yeye hakudhamiria. Ndugu yake ni voluntarily, huyo ni wa kwenye fomu na mahakamani zaidi, usimpeleke kwenye meseji ya kuombwa msaada.

Ulilokuwa unalitafuta ni gladly, hilo ndo lina ridhaa na furaha kwa pamoja. Katika Kingereza cha kale glæd lilikuwa linasemwa pia kwa kitu kinachong'aa, na mi huwa napenda kulikumbuka hilo kila nikilisoma, kwamba anayekubali gladly kuna mwanga fulani ndani ya kukubali kwake. Ila siku hizi "I will gladly do it" inasikika ya kimaandishi kidogo, kwenye mazungumzo ya kawaida watu wengi wanaacha kielezi wanachukua kivumishi: "I'd be glad to", au "I'd be happy to". Kwa hiyo bosi ungemjibu "Sure, I'd be happy to" na simu isingepigwa.

Cheerfully ni habari nyingine, na hapa naomba utulie kidogo maana wengi wanapotelea hapa. Neno cheer liliingia Kingereza kutoka Kifaransa cha kale, chiere, na maana yake ilikuwa uso. Uso tu! Kumbe cheerfully iko karibu sana na ule usemi wetu wa kufanya jambo kwa uso wa bashasha, inaeleza kile anachokiona mtu anayekutazama wakati unafanya. "He cheerfully washed all the dishes", hapo kuna aliyemwona anaosha huku anatabasamu au anaimba. Ndo maana kujisemea mwenyewe "I will cheerfully do it" haikai vizuri, utausimuliaje uso wako wakati kazi yenyewe hujaianza? Tena kuna mahali inageuka kabisa, Mwingereza akikasirishwa sana anaweza kusema "I could cheerfully have strangled him", kwamba alitamani hata kumnyonga, na hapo hakuna furaha yoyote ni hasira tupu, ukikutana nayo usije ukaitafsiri neno kwa neno.

Readily haina furaha wala huzuni, inasema tu mtu hakusitasita: "She readily agreed". Na ikikaa na vitu inakuwa "kwa urahisi", readily available, kinapatikana bila tabu.

SWALI: Mwalimu, mtihani wa mwanangu ulikuwa na "Happily, he did not die" na "He did not die happily". Kasema ni sawasawa kakosa. Mi mwenyewe sioni tofauti, nisaidie nimweleweshe.

JIBU: Tofauti ni kubwa mno mama, sentensi ya kwanza mtu yuko hai na ya pili tunamzika. Happily ikikaa mwanzoni na mkato mbele yake haielezi kitenzi, inaeleza mawazo ya anayesimulia, ndo "kwa bahati nzuri" au "tunashukuru". Na hiyo bahati haijatoka mbali, mzizi wake ni hap, neno la kale lenye maana ya bahati, ndo hilohilo limejificha ndani ya perhaps na happen. Ikikaa mwishoni sasa inashikamana na kufa kwenyewe: alikufa, ila hakufa kwa furaha. Mwambie mwanao kila akiikuta hiyo happily aangalie kwanza mkato uko wapi, kile kijialama kidogo ndo kimebeba uhai wa mtu.

SWALI: Nikiambiwa "thank you" nijibu "with pleasure"? Na friendly nikitaka kuifanya kielezi naongeza nini?

JIBU: "With pleasure" inajibu ombi, kabla hujafanya. Ukishafanya na umeshukuriwa, jibu ni "my pleasure". Friendly usiiongezee kitu, ina -ly mkiani lakini ni kivumishi, kama ilivyo lively, na ukiiongezea nyingine inakuwa ngumu hata kutamka, wenyewe wanazunguka tu: "in a friendly way".

SWALI: Fain ni nini? Nimeikuta kwenye Biblia ya Kingereza.

JIBU: Bila shaka ni ile ya King James ya mwaka 1611, kisa cha mwana mpotevu pale Luka 15, njaa imembana mpaka anatamani kushiba maganda waliyokula nguruwe. "Would fain" ni kutamani, angefurahi laiti angepata. Ielewe ukiisoma, ila kwenye meseji usiiandike, imeshazeeka.