Mnaniuliza kwanini bado nakaa nyumba ya kaunsili wakati hela ninayo

Binamu yangu katuma voisi noti ya dakika nne kwenye grupu la familia, nimeisikiliza mara mbili. Anasema "kaka nisamehe ila sikuelewi, we na shemeji wote mna kazi, Goba, Dar, umejenga, watoto wamesoma, sasa mnang'ang'ania nini kwenye nyumba za maskini huko London, si mtoke mwenye shida aingie?" Wengine wakacheka, na mjomba akaandika "swali zuri". Basi mjomba shikamoo, swali ni zuri kweli, nimekaa nalo wiki nzima, na ntalijibu bila kupamba maana najua wabongo wengi huku wakiulizwa hilo wanahamisha mada, wanaanza kuongelea baridi.

Nyumba ya kaunsili ni nyumba ya halmashauri, we mpangaji tu, kodi unailipa halmashauri na haiendi na bei ya soko. Mi nna vyumba vitatu ghorofa ya nne, nalipa paundi 155 kwa wiki, kwa mwezi ni kama 670 hivi. Jirani mlango wa pili ana vyumba vilevile, lifti mbovu ileile, hata ukungu wa bafuni ni uleule, yeye analipa 2,500. Tofauti ni kwamba ya kwake iliuzwa zamani kwa mpangaji aliyekuwepo, yule akaja kuiuza, sasa ina mwenye nyumba ambaye hatujawahi hata kumwona sura. Alafu mimi mkataba wangu ni wa maisha, walikagua hali yangu siku naingia, 2009, na toka siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena nalipwa shilingi ngapi.

Na 2009 nilikuwa na haki ya kuingia, hilo sina wasiwasi nalo. Nimekuja 2001, nimebeba boksi usiku kwenye maghala, miaka ya mwanzo visa yenyewe imeandikwa kabisa kwamba huruhusiwi kugusa msaada wowote wa serikali, nyumba za kaunsili zikiwemo, kwahiyo wale wanaosema mgeni anashuka uwanja wa ndege anakabidhiwa funguo wapuuzeni. Makaratasi ya kudumu yalipotoka tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba akataka chumba chake, tukawekwa hosteli ya muda, mwaka mzima na zaidi, jiko moja familia sita. Kila wiki unaingia mtandaoni unaomba nyumba zilizotangazwa na unaambiwa we ni wa 214 kwenye foleni. Siku tunapewa funguo shemeji yenu alikaa chini sakafuni, hakuna hata kiti, akalia.

Sasa tuje kwenye leo. Mi naendesha basi, yeye ni nesi wa siku nyingi, tukijumlisha ni kama paundi elfu 80 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa macho ya huko sisi matajiri. Tukihamia kwa mwenye nyumba binafsi karibu nusu ya kinachoingia mkononi inaondoka na kodi, na hiyo mi ningeweza kuibeba, ntakuwa muongo nikisema siwezi. Kilichonitisha siku zote ni kutolewa. Kwa mwenye nyumba binafsi ulikuwa unaweza kupewa notisi ya miezi miwili bila sababu yoyote, umelipa vizuri hujalipa vizuri haijalishi, sheria ya 2025 ndiyo imekuja kulifuta hilo. Mtu aliyeshawahi kupanga mabegi ya watoto kwenye korido mara moja hasikii tena habari ya kurudi huko, hata ukimwonyesha hesabu zake za benki.

"Basi nunua." Nyumba ya kawaida London ni zaidi ya nusu milioni, mi nna miaka 54, benki inahesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu inakupa mkopo wa kukimbizana. Kulikuwa na nafasi ya kununua hiihii ninayokaa kwa punguzo, hapa London punguzo lilifika zaidi ya paundi 136,000, na toka Novemba 2024 wamelishusha mpaka 16,000. Niliogopa, maana ukishanunua fleti ya kaunsili paa likibomolewa kutengenezwa unaletewa bili ya maelfu, nimeona watu wamelia. Sijutii. Au tuseme siku nyingi sijutii.

Alafu sasa kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye grupu. Ile tofauti ya kodi, kama paundi 1,800 kwa mwezi, mnadhani imekwenda wapi? Goba imetoka humo. Ada ya chuo ya huyohuyo mwenye voisi noti imetoka humo, matibabu ya mama, bati za kwa babu, harusi mbili. Kwahiyo mlipa kodi wa Uingereza, na mama mmoja asiyenijua aliyepo kwenye foleni ya nyumba, wamechangia ukoo wetu miaka kumi na kitu bila kujua. Sisemi niwasimange, nasema tu kwamba ukiniuliza kwanini sijatoka, jibu moja ni kwamba ningetoka msingeona hela, na hilo tulijue wote.

Serikali yenyewe ilishajaribu kutubana watu kama sisi. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria kwamba familia ya kaunsili yenye kipato cha zaidi ya paundi 40,000 kwa London, au 31,000 nje ya London, ipandishiwe kodi ya nyumba, kila paundi moja inayozidi unaongeza senti 15. Sikieni, elfu 40 ya mke na mume wakijumlishwa, London, siyo utajiri, ni dereva na mtu wa usafi. Sisi wakati ule tulikuwa kama 52,000, nikapiga hesabu ni 1,800 zaidi kwa mwaka, yani 150 kwa mwezi. Tungelipa. Ila nakumbuka shemeji yenu aliitwa shifti ya ziada akasimama na simu mkononi ananiuliza "hii niichukue au ntaongezewa kodi?" na kazini kwangu ilikuwa story hiyohiyo, watu wazima wanajiuliza kama kuna faida kufanya kazi. Na hela yenyewe inayokusanywa na halmashauri ilikuwa iende hazina kuu, siyo kujenga nyumba. Hapo ndo waliponipoteza. Ningeambiwa hiyo 150 inajenga fleti ya huyo mama wa kwenye foleni ningelipa na kunyamaza. Mwisho Novemba mwaka huohuo serikali ikaiacha, haikuanza kabisa.

Magazeti ya huku yanapenda sana mada hii. Kulikuwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, Bob Crow, mshahara na marupurupu yake kwa mwaka vilipita paundi laki moja na bado anakaa nyumba ya aina hii, walimwandama miaka, yeye akagoma kutoka, hakuona kosa lake liko wapi, akafariki 2014 hajahama. Mi nikimsoma nilikuwa upande wake na huku roho inanisuta kidogo, maana laki moja ni laki moja, na dereva wa basi haifiki.

Ila kuna kitu nimekiona kwa macho yangu, kwamba jengo likibaki la wenye shida tupu linakufa. Zamani haikuwa hivyo, hizi nyumba baada ya vita zilijengwa kwa watu wa kila aina, mpaka mwisho wa miaka ya 70 karibu theluthi ya familia nchini walikaa za kaunsili, fundi, mwalimu, karani, wote humo. Ikiwa hivyo hakuna wa kuziita nyumba za maskini. Nina rafiki Vienna kule Austria, ananiambia jiji lao linakagua kipato siku unaingia tu, na kiwango chenyewe kiko juu, ukishaingia ukapanda cheo hakuna anayekugongea. Karibu nusu ya watu wa jiji wanakaa nyumba za jiji au zenye ruzuku. Uholanzi nao wana njia yao, ukipata zaidi hutolewi ila kodi yako inapanda haraka kuliko ya mwenzio. Kwenye jengo letu wenye kazi za kudumu tumebaki wachache, na kila lifti ikiharibika wanaoandika barua kwa halmashauri ni sisi hao hao, maana mwenye shifti tatu au mgonjwa hana muda huo. Ukitutoa wote, lifti ataipigia kelele nani?

Na kabla hamjaniita mwizi wa nafasi, muulizeni aliyeziuza. Toka 1980, enzi za waziri mkuu Thatcher, wapangaji waliruhusiwa kununua kwa bei ya kutupa, karibu nyumba milioni 2 zimeondoka hivyo Uingereza, na waliotakiwa kujenga nyingine kufidia hawakujenga za kutosha. Leo foleni ina zaidi ya familia milioni 1.3. Ile fleti ya mlango wa pili niliyowaambia, kabla ya huyu wa sasa, halmashauri ilikuwa inaikodi kwa mwenyewe ili kuwaweka watu wasio na makazi, yani inalipa bei ya soko kukodi kitu ilichokiuza kwa punguzo. Nyie mlilalamika nyumba za serikali zilivyouzwa kwa watumishi enzi za Mkapa, basi chukueni ile mzidishe mara nyingi.

Mdogo wangu mmoja kanifuata inbox, "mpangishie mtu humo alafu we kapange pengine ule cha juu". Hapana mdogo wangu. Huku kuna sheria ya 2013 inayofanya hiyo kuwa jinai, jela mpaka miaka 2, na mi hapa lazima pawe ndipo ninapoishi. Najua mjini Dar mtu anarithi nyumba ya shirika kwa babu yake na anapangisha kwa bei anayotaka yeye, huku ukishikwa unapoteza vyote.

Sasa yote hayo niliyatetea vizuri kichwani, ila kuna moja nimeshindwa kulitetea, nalo ni vyumba. Mabinti wote wawili wameondoka, kijana bado yupo, tumebaki watu watatu vyumba vitatu na kimoja kina baiskeli na masanduku ya kutuma Dar. Na sheria ilivyo, toka 2013 maskini anayesaidiwa kodi akiwa na chumba cha ziada anakatwa asilimia 14 ya ule msaada, vikiwa viwili au zaidi asilimia 25. Mi nnayejilipia mwenyewe hainigusi hata senti. Mwenye nguvu haguswi, asiye nacho ndo anakatwa. Na ghorofa ya pili kuna mama ana watoto wanne vyumba viwili, mkubwa analala sebuleni, asubuhi nikitoka saa kumi alfajiri namwona taa inawaka anasoma mtihani jikoni kwasababu ndo sehemu pekee yenye mlango.

Hicho ndo kilichonikaa baada ya ile voisi noti, siyo kipato changu. Wapangaji wa kaunsili wanaruhusiwa kubadilishana nyumba, halmashauri ikikubali. Kwahiyo sitoki, binamu, ila nashuka. Mama yule nilipomwambia alidhani nataka hela. Fomu tumejaza wote, halmashauri ina siku 42 za kujibu, leo ya 19. Kijana kakubali kwasababu ghorofa ya pili ukikosa lifti siyo mbali, shemeji yenu ndo bado kanuna, jiko la chini ni dogo na friza lake tumelipima mara tatu haliingii.