Kadi ya grafiki imekaa bure kwa laptopu yako halafu unailaumu

Kuna msomaji ameniandikia kutoka Kasarani, ameuza pikipiki akanunua laptopu yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, GTX 1650, na sasa analia ati Excel inafunguka vile vile tu kama kwa ile mashine yake ya zamani, kwa hivyo ameibiwa. Hujaibiwa ndugu yangu. Excel haina shughuli na hiyo kadi, Word pia haina, hata kufungua faili za zipu ni kazi ya prosesa, yaani CPU, ule ubongo wa mashine. Kadi haijitumi, programu ndiyo huiita, na kama haijaandikwa kuiita, au wewe hujaiambia iite, hakuna kitu kitabadilika.

Prosesa yako ina koa (viini vya kufanya hesabu) chache zenye akili nyingi, kadi kama hiyo ina koa zaidi ya 800 zisizo na akili sana, ni kama wale kina mama wa kumenya viazi siku ya ruracio (sherehe ya mahari), hakuna mmoja anaweza kumaliza gunia lakini wakikaa wote chini gunia linaisha ukiangalia. Sasa vidio, picha, sauti, hizo ndizo viazi, kwa sababu kila kipande kinaweza kumenywa bila kungoja kingine. NVIDIA, wenye hizi kadi, walipotoa CUDA (njia ya programu kuipa kadi hesabu za kawaida) mwaka 2007 ndio kadi zao zikaanza kufanya hizi hesabu zingine kwa urahisi, kabla ya hapo ilikuwa gemu gemu tu.

Na hapo kwa gemu ndipo niko na maneno. Mimi nakula kwa kuediti vidio za harusi na ruracio. Niliponunua mashine yangu mjomba alisimama mbele ya familia nzima, watu wako na sahani mkononi, akasema nimekopa pesa ya chama cha akiba nikanunua kitu cha watoto cha gemu. Watu wakacheka. Mama pia akacheka, hiyo ndiyo iliniuma. Sikujibu, na mashine nilishanunua. Juzi mjomba huyo huyo amenipigia, wamerekodi mkutano wa shamba la babu kwa simu, masaa na masaa ya watu kubishana, anataka yaandikwe kwa karatasi ya wakili. Nikaweka Whisper, ile programu ya OpenAI ya mwaka 2022 ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo ni ya bure, nikaiambia itumie kadi, nikaenda kuoga na kupika. Kiswahili inakijua, ingawa wazee wakiingia Kikuyu inaandika vituko ambavyo ilibidi nirekebishe kwa mkono. Mjomba alipopata karatasi alisema tu asante. Haya. Nimeipokea.

Turudi kwa kazi. HandBrake watu wengi wanaitumia kupunguza saizi ya vidio na wanangoja usiku kucha kwa sababu wameacha x264, hiyo ni prosesa, chagua ile imeandikwa NVEnc, hiyo ndiyo ya kadi. Faili itakuwa kubwa kidogo kwa ubora ule ule lakini mteja wa WhatsApp hajali. OBS, ile ya kurusha laivu, ni hivyo hivyo, ukifanya laivu ya kanisa weka NVENC ndio prosesa ipumue. Blender, ile ya kutengeneza picha na katuni za 3D, ndiyo huchanganya watu zaidi maana ukirenda (kutoa picha ya mwisho) kwa injini yake ya Cycles ni sehemu mbili: unaenda kwa Preferences, System, unachagua CUDA au OptiX (zote ni njia za kuita kadi ya NVIDIA), halafu tena kwa setingi za kurenda unatoa CPU unaweka GPU Compute, ukifanya moja ukaacha nyingine bado unarenda na prosesa na huku unalaani Blender. DaVinci Resolve, ile ya kuediti vidio, yenyewe inaipenda kadi bila kubembelezwa, hapo rangi na efekti ndipo utaona pesa yako. Na kama programu imeng'ang'ania ile grafiki ndogo ya Intel iliyo ndani ya prosesa, ingia setingi za Windows, Display, Graphics, uipatie High performance.

Chomeka chaja. Nasema tena, chomeka chaja, kwa batri laptopu inaibana kadi na utasema mimi muongo.

Vijana wenzangu, tuache hii tabia ya kununua kitu kwa sababu jamaa wa YouTube amesema. Andika kwanza programu unazotumia kila siku, kama ni Word na iTax ya ushuru na barua pepe, hiyo pesa weka kwa RAM na SSD (diski ya kasi), usinunue kadi ndio uonekane. Lakini kama kazi yako ni vidio, usiache mtu akuchekee.

Halafu angalia memori ya kadi yenyewe, si ile RAM ya kawaida. 4GB inatosha kuediti na Whisper ya saizi ya small, ile inakula kama 2GB, lakini medium inataka kama 5GB na large kama 10GB, kwa hivyo usidanganywe. Ukienda Luthuli au Moi Avenue hapa Nairobi mwambie muuzaji awashe mashine, fungua dirisha la amri uandike nvidia-smi, itakuonyesha jina la kadi na memori yake hapo hapo, maana stika ya nje mtu yeyote anabandika. Akisema haiwashwi mpaka ulipe, vuka barabara, duka ni nyingi.