Jibu: Shule ya udereva Bangkok kwa anayeanza kabisa

Habari dada. Umeuliza utaichaguaje shule hapo Bangkok wakati hujawahi kushika usukani na Kithai hukijui.

Kwanza kabisa uliza kama shule imeidhinishwa na Idara ya Usafiri wa Nchi Kavu. Zilizoidhinishwa hufundisha saa 15, yaani 5 za nadharia na 10 za kuendesha, na mtihani unaufanyia hapohapo. Isiyo na idhini inaweza kuwa na bei nafuu, lakini mtihani utaufuata ofisi ya serikali, kwenye uwanja na pengine gari usilolizoea.

Usilipe kabla ya kuliona gari. Lazima liwe na breki upande wa mwalimu. Halafu ongea na mwalimu mwenyewe, maana mara nyingi anayejua Kiingereza ni karani wa mapokezi tu, na ukiwa barabarani "simama" usiyoielewa ni hatari.

Uliza pia saa ngapi ni za barabarani. Shule nyingi hukuzungusha uwanjani ukariri mtihani: kwenda mbele na kurudi nyuma moja kwa moja, kuegesha kwa kurudi nyuma, kusimama sentimita zisizozidi 25 toka ukingoni. Utafaulu, lakini pikipiki zinazokupita kushoto hutaziweza.

Nadharia ni maswali 50, upate 45. Cheti cha daktari na uthibitisho wa makazi anza kuvitafuta sasa. Cha makazi ndicho huchelewesha wageni. Leseni ya kwanza ni ya miaka 2.