Usijifungie ndani na kufunga kavu wakati moyo umevunjika

Ndugu yangu, simamisha huo mpango. Umefiwa, kazi imekwisha, hulali, na sasa unataka kuzima simu na kufunga kavu, bila chakula wala maji, wiki nzima bila kumwambia mtu, ukiamini roho yako itahuishwa. Kisha unaomba mistari ya kusoma na saa za kuomba. Mistari baadaye.

Nilipofiwa na mume wangu, kiongozi mmoja wa maombi alinipa ushauri huohuo. Mwenye imani halii, akasema. Nisimwambie mtu, nifunge mpaka mbingu zifunguke. Nikamtii. Dada yangu alikuja akagonga mlango, nikanyamaza mpaka nikasikia hatua zake zikishuka ngazi. Biblia iko mapajani, macho yanapita juu ya mstari uleule, hakuna kinachoingia. Mwishowe nilianguka bafuni, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kuomba hata kabla ya kula. Yule kiongozi akasema imani yangu ilikuwa haba! Unamtwika mfiwa mzigo, akianguka unamlaumu kwa nini ameanguka? Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walifanya vema. Walipoanza kumhukumu ndipo walipoharibu, na Mungu aliwakasirikia: Ayubu 42:7.

Soma 1 Wafalme 19 taratibu. Eliya anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaomba afe. Malaika hamkemei, wala hamwambii afunge. Anamgusa aamke ale: mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Ndipo anapata nguvu za kwenda Horebu, mlima wa Mungu, na huko Mungu anamtuma kwa Elisha, asibaki peke yake.

Sipingi kufunga, Yesu alifunga siku 40. Lakini Gethsemane, roho yake ilipojaa huzuni, aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia wazi hali yake.

Kwa hiyo kabla ya mfungo wowote, mtu mmoja ajue. Kula leo. Usingizi usiporudi, nenda kwa daktari, na dawa akikupa meza. Kama huna maneno ya kuomba, mwambie mwenzako, "Mimi siwezi, niombee." Mistari? Anza na Zaburi 88, inaishia gizani kabisa na bado ni sala. Simu usiizime. Utampigia nani jioni hii?