Basi halifuatiliwi na setilaiti

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Kwenye basi ninalopanda kuna stika imeandikwa 'Gari hili linafuatiliwa na setelaiti'. Mwanangu anasema shuleni wanafundishwa setilaiti. Nani yuko sahihi?"

Mwanao yuko sahihi, andika setilaiti. Tumelipata neno kupitia Kiingereza, na asili yake ni Kilatini, satelles, mtu wa msafara anayeandamana na mkubwa wake. Johannes Kepler ndiye aliyeliazima mwaka 1611 kwa ajili ya miezi ya Mshtarii. Anayeandika setelaiti au satelaiti simgombezi sana, maana anaeleweka na ngeli ni ileile.

Kosa la stika hiyo liko kwenye kitenzi, na hilo silivumilii. Linafuatiliwa na setilaiti! Setilaiti za GPS, yaani mfumo wa kutambua mahali, hazifuatilii basi, lori wala mtu. Hazijui hata kama upo. Ziko kilomita 20,200 juu yetu, kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, na muda wote zinatangaza mambo mawili: saa ni ngapi hasa, na setilaiti yenyewe iko wapi. Ni kama kituo cha redio kinachosoma taarifa ya habari bila kujua nani kafungulia.

Anayefanya kazi ni kile kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Mawimbi huchukua kama milisekunde 67 kumfikia mtu aliye chini kabisa ya setilaiti. Kifaa kinapima uchelewaji huo, kinauzidisha kwa kasi ya mwanga, na kupata umbali. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kujua kilipo, lakini saa yake ni ya bei rahisi, na ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, yaani mikrosekunde moja, umbali unakosewa mita 300. Ndiyo sababu kinahitaji setilaiti ya nne, ili kikokotoe na kosa la saa yake chenyewe. Saa za setilaiti ni za atomi, na hata hizo huko juu zinakwenda mbele mikrosekunde 38 kwa siku zikilinganishwa na za duniani, kwa kuwa mvutano wa dunia kule ni hafifu zaidi. Zisingerekebishwa, makosa ya umbali yangelimbikizana zaidi ya kilomita 10 kila siku.

Mpaka hapo anayejua basi lilipo ni kifaa peke yake. Ili mwenye basi naye ajue, ndani ya kifaa kuna laini ya simu kama hiyo uliyonayo, na taarifa inapitia mnara wa simu hadi kwenye kompyuta yake. Katika safari hiyo setilaiti za GPS hazimo kabisa. Bando likiisha, gari linaganda kwenye ramani, na tajiri anapiga simu kulaumu setilaiti! Fundi naye akiamini maneno hayo atabadilisha antena nzima, wakati dawa ilikuwa kuongeza salio. Basi likiingia porini pasipo mtandao, kifaa kizuri kinahifadhi alama za njia na kuzituma zote kwa mkupuo mnara ukipatikana. Likilala ndani ya gereji ya bati, mambo yanageuka: mtandao upo, lakini mawimbi ya setilaiti ni hafifu mno, hayapenyi bati. Na katikati ya maghorofa ya Kariakoo mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndipo yafike, umbali unaonekana mrefu kuliko ulivyo, basi linachorwa mtaa wa pili. Hayo ni magonjwa tofauti, na kitenzi hicho kimoja kinayaficha yote.

Kinahatarisha hata maisha. Mvuvi aliyezimikiwa na injini baharini akiwa ameaminishwa kwamba setilaiti zinamwona, atakaa akisubiri kuokolewa. Simu yake inajua alipo, lakini hakuna mwingine anayejua mpaka aitume habari hiyo kwa namna fulani. Kinyume chake, asidhani kwamba bila bando simu haiwezi kumwonyesha alipo. Inaweza, na kama ramani aliipakua kabla ya kuondoka, ataiona njia ya kurudi pwani. Itachelewa kidogo tu mwanzoni, maana bila mtandao simu husoma taarifa za mahali zilipo setilaiti kutoka kwenye mawimbi yenyewe, na taarifa hizo hurudiwa kila sekunde 30. Aiweke mahali peupe, asubiri dakika moja au mbili. Ziko setilaiti zinazosikiliza, zile za mfumo wa uokoaji wa Cospas-Sarsat, lakini zinasikiliza kiashiria maalumu cha dharura cha megahezi 406. Kwa hicho sema setilaiti imemsikia, nami nitakubali.

Hata mwezini setilaiti hazifuatilii. Tarehe 3 Machi 2025 kipokezi cha LuGRE, cha NASA na Shirika la Anga la Italia, kilichobebwa na chombo cha Blue Ghost, kilinasa mawimbi ya GPS na ya Galileo, mfumo kama huo wa Ulaya, kikiwa juu ya uso wa mwezi, zaidi ya kilomita 360,000 kutoka hapa, na kukokotoa mahali kilipo. Antena za setilaiti hizo zinaelekea duniani. Yaliyofika mwezini ni mawimbi yaliyopita pembezoni mwa dunia, kutoka kwa setilaiti zilizokuwa upande wa pili. Hakuna iliyogeuka kukitafuta chombo hicho. Kipokezi kilisikiliza na kupiga hesabu.

Kwa hiyo sema hivi: setilaiti inatangaza, kifaa kinapokea na kukokotoa, mtandao wa simu unapeleka, na mwenye gari ndiye anayefuatilia. Kama kondakta wenu anataka stika mpya, aandike "Mwenye basi anajua lilipo". Ni fupi, ni kweli, na mwizi ataielewa vizuri zaidi.