Juisi ya pakiti imegoma kuwa saida

Wiki hii maswali mengi ni ya saida, yaani juisi ya tufaha iliyochachushwa, ya kutengeneza nyumbani, nadhani mmoja kaanza akaambukiza wenzake. Nimechagua manne. Ni pombe hiyo jamani, kwa hiyo ni ya watu wazima, na kama sheria za unapoishi haziruhusu basi usome tu ujifurahishe.

Shikamoo mjomba. Nilinunua juisi ya tufaha supamaketi, pakiti nne za lita moja, nikamimina kwenye dumu la lita tano nikatia hamira ya mkate kijiko kimoja cha chai. Leo siku ya sita, hakuna povu hakuna chochote, hamira imelala chini kama vumbi. Nimeongeza hamira mara mbili na sukari vikombe viwili, bado kimya. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Nenda kwenye ndoo ya taka, okota pakiti moja uisome ubavuni, yale maandishi ya mchwa ambayo hakuna anayeyasoma. Nina hakika karibu kabisa utakuta E202 au E211, au wameandika kwa jina lake, potasiamu sobeti, sodiamu benzoeti. Hizo ni dawa za kuzuia juisi isichache, na wewe unachotaka ni ichache, sasa hapo mnavutana kamba na kiwanda na kiwanda kilishaanza kuvuta zamani. Sobeti haiui hamira, inaizuia isizaane, na hamira isipozaana haina jeshi la kumaliza kazi. Ndiyo maana umeongeza na umeongeza na bado imelala.

Juisi unayoitafuta imeandikwa matunda 100% na viungo vyake ni juisi basi, labda na E300 ambayo ni vitamini C tu, haina shida. Ile iliyoandikwa "kinywaji cha tufaha" iache palepale rafuni, mle kuna maji na sukari na ndimo hizo dawa hupenda kukaa. Wengi wananiuliza eti juisi iliyochemshwa kiwandani imekufa, haifai. Inafaa sana! Moto umeua vijidudu vya kubahatisha, kwa hiyo hamira yako inaingia nyumba tupu.

Ukirudia fanya hivi. Dumu lioshwe, lisuuzwe kwa dawa ya kuua vijidudu ya vyombo vya chakula, mikono pia. Mimina juisi kwa fujo, irukeruke, maana mwanzoni hamira inahitaji hewa ili izaane (baadaye hewa ndiyo adui, nitakuja huko). Kwa lita nne nusu kijiko cha chai cha hamira kinatosha. Hamira ya mkate inafanya kazi ila inaacha kaladha ka mkate na mashapo yake hayatulii, ukigusa chupa yanaamka yote, kwa hiyo ukipata hamira ya mvinyo nunua hiyo. Juu usifunge kitambaa, hewa itaingia, bakteria wa siki watakushukuru. Vali ya maji, kile kifuniko kinachopitisha gesi kwenye maji itoke bila hewa kuingia, ndiyo bora, kama huna chukua puto ulitoboe kwa sindano ulivishe mdomoni mwa dumu, gesi inatoka na hewa hairudi. Acha nafasi ya povu, weka mahali penye nyuzijoto 18 hadi 22, pasipigwe na jua. Kesho yake weka sikio karibu utasikia inanong'ona, kama soda inamiminwa chumba cha pili.

Na vile vikombe viwili vya sukari, hebu tupige hesabu. Juisi yenyewe ina sukari kama gramu 105 kwa lita, imeandikwa hapohapo kwenye pakiti, na kila gramu 17 kwa lita zinakupa takriban asilimia 1 ya kilevi. Kwa hiyo bila kuongeza kitu unapata kama 6, hiyo ndiyo saida. Vikombe viwili ni kama gramu 400, gawa kwa lita nne ni 100 kwa lita, yaani umeongeza karibu 6 nyingine. Hiyo ingeamka ungekuwa na mvinyo wa asilimia 12 mwembamba wenye kuumiza kichwa. Bora imelala. Imwage.

Mjomba, yangu imeacha kutoa mapovu siku ya nane. Nataka niitie kwenye chupa za glasi za juisi na sukari kidogo iwe na gesi, jirani ananiambia zitalipuka. Ananionea wivu au?

Mpelekee jirani zawadi. Mimi nilifanya hivyohivyo, chupa sita kabatini, usiku tukasikia mlio kama mlango umepigwa teke na asubuhi nikakuta vipande vya kioo vimejichomeka kwenye mbao za kabati upande wa ndani, vimesimama. Hebu fikiria kama ningekuwa nafungua kabati wakati ule.

Hamira inapokula sukari karibu nusu ya uzito wake inakuwa kilevi na karibu nusu inakuwa gesi ya kaboni. Lita moja ya juisi inatoa zaidi ya lita 25 za gesi mpaka imalize sukari yake! Sasa wewe mapovu yamepungua unasema imeisha, kumbe usiku ulikuwa baridi tu hamira ikasinzia, unafunga, joto linarudi, inaendelea kula na hakuna pa kutokea.

Mapovu si kipimo. Kipimo ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maji matupu husoma 1.000, juisi mbichi kwa sababu ya sukari husoma kama 1.045 hadi 1.050, na ikiisha inarudi 1.000 au chini zaidi maana kilevi ni chepesi kuliko maji. Pima leo, pima baada ya siku tatu, namba ikiwa ileile na iko huko chini ndio ufunge. Kwa kawaida ni wiki mbili au tatu, siku nane ni haraka ya bure.

Chupa za glasi za juisi hazikutengenezwa kubeba mgandamizo, achana nazo kabisa. Tumia za plastiki zilizokuwa na soda. Hamisha saida kwa mpira mwembamba uache mashapo chini, tia gramu 6 za sukari kwa lita (kijiko cha chai cha kusawazisha na nusu), funga, kisha kila siku binya chupa. Siku ya kwanza inabonyea kama yoyote ile, siku moja utabinya na kidole hakiendi, ngumu kama tairi. Tia kwenye friji siku hiyohiyo, baridi inailaza hamira.

Inanuka yai bovu. Nimwage?

Usimwage. Juisi ya tufaha ina chakula kidogo cha hamira mbali na sukari, ikibanwa na njaa inatoa harufu hiyo. Wiki moja au mbili inaondoka yenyewe mara nyingi. Safari ijayo chemsha kijiko cha hamira ya mkate kwenye maji kidogo mpaka ife, ipoe, tia mwanzoni, hamira hai itaila ile iliyokufa. Ndiyo, wanakulana. Ila harufu ikiwa ya siki ujue hewa iliingia, na hapo harudi mtu, mwagia kwenye kachumbari.

Mbona imetoka kavu hivi, mimi napenda tamu. Na je naweza kutumia juisi ya machungwa?

Kavu kwa sababu sukari yote imeliwa, na ukiongeza sukari italiwa tena, tena ndani ya chupa, rudi usome habari ya kabati langu. Njia rahisi ni kuchanganya na juisi mbichi kwenye glasi wakati wa kunywa. Au tumia zailitoli, kitu kitamu cha kutia badala ya sukari, hamira haiwezi kuila, ila kama una mbwa iweke mbali, kwake ni sumu.

Machungwa yanachacha vizuri tu. Shida utamu ukiondoka kinachobaki ni uchachu na uchungu, na harufu yake, samahani kama unakula, ni ya mtoto aliyecheua.