Re: Mkutano wa mafundi wa mifumo ya maktaba, Mombasa

Ndugu, umeuliza uanzie wapi na mkutano wa siku mbili wa watu 40 kutoka kaunti za Pwani, wenye mafunzo ya Koha, programu ya kuendesha maktaba. Anza na umeme.

Laptopu 40 za wati 65 ni wati 2,600, karibu ampea 11 kwa volti 240. Zote zikitegemea soketi moja ya ampea 13, kisha mtu akachomeka birika la chai, fyuzi itakatika katikati ya somo. Zigawe kwenye soketi nne za ukutani. Eksitensheni zikunjuliwe zote, maana waya uliozongwa hupata moto.

Usiwaache wapakue programu ukumbini, intaneti italemewa. Tayarisha mashine pepe (kompyuta ya kuigwa inayoendeshwa ndani ya laptopu) yenye mfumo endeshi wa Debian na Koha, uinakili kwenye flashi 8 zizunguke mezani. Flashi ziumbizwe kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili. Mfumo wa zamani, FAT32, haupokei faili la zaidi ya GB 4, na wengi hukwama hapo wakidhani flashi ni mbovu. Wajulishe mapema wakague BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu) kama inaruhusu mashine pepe. Laptopu za ofisi mara nyingi zimefungwa kwa nywila, na anayeijua hayupo.

Tarehe, epuka Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Wengi wa Kwale watapitia feri ya Likoni na huenda wakachelewa, kwa hivyo anza saa tatu asubuhi. Wanaopanda treni ya SGR Voi hushuka Miritini, mbali na kisiwani: wawekee gari la matatu la kuwachukua. Ikiwa ni Ijumaa, simamisha vikao saa sita kamili, watu waende kuswali.